Kabati la Santuri Linapoleta Matatizo: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwenye santuri mia mbili anaweza kuzipanga kwenye rafu yoyote na zikatulia, lakini mwenye santuri elfu mbili, pamoja na makatoni ya kanda za kaseti, anahitaji kabati lililochorwa kwa ajili ya mzigo huo hasa. Likichorwa vibaya, kabati huanza kulalamika mapema: rafu hupinda, milango hugoma, harufu ya kuvu hutoka kila linapofunguliwa. Mwongozo huu unazifuata dalili hizo na kutenganisha vyanzo vyake, kwa sababu dalili moja huweza kuwa na vyanzo viwili ambavyo tiba zake ni tofauti kabisa, na fundi anayetibu chanzo kisicho chake humfanya mwenye kabati alipe mara mbili. Nimewalenga zaidi wakusanyaji wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ni adui wa karatasi na mbao. Walioko Nairobi au Dodoma watakuta sehemu ya unyevu inawagusa kidogo, ila sehemu ya uzito inawahusu sawasawa na wengine.

Pima kabla ya kulaumu

Kasoro nyingi za kabati huzaliwa kwenye mchoro, kabla fundi hajashika msumeno. Mteja humpelekea fundi picha ya kabati la Ulaya au Marekani, lenye vyumba vya mraba vya LP tupu, yaani zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, na fundi huliiga kwa uaminifu. Mikusanyo yetu haiko hivyo. Muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ulitoka kwa wingi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, mara nyingi wimbo mmoja ukigawanywa sehemu ya kwanza upande wa A na sehemu ya pili upande wa B. Taarab ya zamani iko kwenye santuri za mizunguko 78, tangu mwimbaji Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV. Kisha ikaja kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963 na ambayo baadaye ilibeba sehemu kubwa ya muziki uliosikilizwa majumbani kwetu. Kabati linalofaa lazima lianze na hesabu ya kila aina, na ukikuta kabati lililokwisha tengenezwa linaleta shida, hesabu hiyohiyo ndiyo ya kwanza kurudia.

Jalada la LP lina upana wa sentimita 31.5 hivi, kwa hiyo uwazi wa ndani wa rafu uwe sentimita 34, na kina chake vivyo hivyo. Santuri ya 45 ikiwa ndani ya jalada lake huhitaji takriban sentimita 18.5. Ile ya 78 iliyo ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 25, na jalada lake hufika 26. Kasha la kaseti ni sentimita 11 kwa 7, na unene wake ni milimita 17. Kasha la CD ni sentimita 14.2 kwa 12.5, na unene wake ni sentimita 1. Kuhusu uzito, LP moja na jalada lake hukaribia gramu 250, na mita moja ya LP zilizosimama hufika kilo 50 hadi 70. Usikubali tarakimu hizi kwa kuwa nimezisema mimi. Chukua LP kumi kwenye mizani ya dukani, pima uzito wake na unene wake zikiwa zimebanwa pamoja, kisha zidisha. Hesabu hiyo haichukui hata robo saa, nayo hujibu nusu ya maswali yanayofuata.

Rafu imepinda katikati

Funga uzi kutoka mwisho mmoja wa rafu hadi mwingine, uvute ukaze, kisha pima pengo lililopo kati ya uzi na ubao katikati. Pengo la milimita 1 au 2 halina neno. Likizidi milimita 4, toa mzigo wote, acha rafu tupu hadi kesho yake, kisha pima tena. Ubao ukirudi kunyooka, chanzo ni kwamba umeachwa mrefu mno bila nguzo, na wenyewe bado ni mzima. Usiporudi, ubao umechoka: hali hii huzikumba sana bodi za chenga na MDF (bodi za nyuzi za mbao zilizobanwa), ambazo hupinda siku ya kwanza na kuendelea kupinda polepole kwa miaka kadiri mzigo unavyobaki juu yake, na huzidi kulegea zikishika unyevu. Ubao wa namna hiyo unaweza kugeuzwa juu chini ukasaidia kwa muda, lakini mahali pake pa mwisho ni kubadilishwa.

Hapa inafaa kueleza kanuni inayotawala, kwa sababu mafundi wengi wazuri huijua kwa mkono bila kuijua kwa hesabu. Mzigo ukiwa umeenea sawasawa kwenye rafu, upindaji hukua kwa urefu wa rafu uliozidishwa kwa wenyewe mara nne: ukipunguza urefu kati ya nguzo kwa nusu, upindaji unapungua mara kumi na sita. Unene wa ubao ukiongezwa maradufu, upindaji hupungua mara nane. Chukua rafu ya bodi ya chenga yenye unene wa milimita 18, kina cha sentimita 34 na urefu wa sentimita 90, ambayo imelala tu juu ya vishikizo vyake viwili. Ukiijaza LP itashuka zaidi ya sentimita 1 mara moja, kabla ya uchovu wa miaka kuanza. Weka nguzo katikati yake, na upindaji unashuka chini ya milimita 1. Hakuna ubao wa bei kubwa utakaokupa nafuu ya kiasi hicho kwa gharama ya kipande kimoja cha mbao.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ya rafu ya LP ni nguzo za kati zilizo umbali wa sentimita 35 hadi 45, zilizopangwa moja juu ya nyingine kutoka juu hadi kwenye kitako cha kabati, na chini ya nguzo ya mwisho pawe na mguu. Nguzo inayoishia hewani, juu ya rafu nyingine isiyo na kitu chini yake, huhamisha tu tatizo kwenda ghorofa ya chini. Mafundi wengi hupendekeza badala yake kipande cha mbao kilichosimama kwenye ukingo wa mbele wa rafu, na kwa kaseti ni ushauri mzuri. Kwa LP una kasoro: kipande kikishuka sentimita 5 chini ya rafu, uwazi wa sentimita 34 unabaki 29, na jalada la sentimita 31.5 halipiti tena. Ukilazimika kukitumia kwenye rafu ya LP, kisishuke zaidi ya sentimita 2, au upange uwazi mkubwa zaidi tangu kwenye mchoro.

Kwa mwili wa kabati mimi huchagua plaiwudi ngumu ya milimita 18 kuliko mbao nzima, hata kama mkononi mwa fundi kuna mninga mzuri. Plaiwudi haivimbi wala kusinyaa sana kwa misimu, na mninga au mkongo hupata heshima yake kwenye fremu za milango, kingo za mbele na miguu, mahali ambapo uzuri unaonekana na nguvu inahitajika.

Kabati linayumba au limeanza kuinama upande mmoja

Anza na sakafu. Weka pima maji juu ya kitako, siyo juu ya kabati, kisha pima mistari miwili ya mshazari ya sehemu ya mbele kutoka pembe hadi pembe. Kitako kikiwa hakijalala sawa lakini mishazari inalingana, sakafu ndiyo yenye shida, nayo hurekebishwa kwa kabari ngumu chini ya miguu. Mishazari ikitofautiana, kabati lenyewe limepoteza umbo, na mara nyingi sana chanzo ni mgongo dhaifu: ubao mwembamba uliopigiliwa misumari midogo, ambayo imetoka mmoja mmoja. Kabati lenye kilo mia kadhaa hushikiliwa wima na mgongo wake. Lipunguzie mzigo, livute hadi mishazari ilingane, kisha funga plaiwudi ya milimita 9 kwa gundi na skrubu kila sentimita 15 kuzunguka kingo zote na kwenye kila nguzo ya kati.

LP na santuri za 78 zikae chini, kaseti na CD zikae juu. Kabati lililozidi kimo cha mtu mzima lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe, hasa nyumba yenye watoto.

Kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa kuna tahadhari ya ziada ambayo sitaki msomaji aipite haraka. Sakafu za ghorofa zake hubebwa na boriti za mikoko, na ndizo zilizofanya vyumba vya zamani kuwa vyembamba, kwa kuwa boriti haivuki nafasi kubwa. LP elfu mbili zina nusu tani kabla hujahesabu kabati. Mzigo huo usiwekwe katikati ya chumba; uwekwe kando ya ukuta unaobeba ncha za boriti, kabati likikatiza boriti nyingi kadiri inavyowezekana, tena baada ya fundi anayezijua nyumba hizo kukagua kama ncha zilizoingia ukutani hazijaoza. Sakafu ikiwa imeshaanza kutoa nyufa kwenye lipu ya dari ya chini, hamisha santuri leo hii na mjadala wa kabati ufuate baadaye.

Santuri zenyewe zimepinda

Iweke santuri kwenye kinanda na uitazame kwa pembeni inapozunguka. Iliyojikunja yote kwa pamoja, katikati chini na kingo juu, mara nyingi imeegemea kwa muda mrefu au imelazwa chini ya rundo. Iliyo na mawimbi kwenye ukingo imeguswa na joto. Tofauti hii siyo kanuni isiyovunjika, lakini hukuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Kuegemea hutokana na rafu pana isiyo na vigawanyo. Santuri zinapopungua kwenye rafu, zilizobaki hulala kwa mteremko na kila moja hubeba uzito wa wenzake. Dawa yake ni vigawanyo vyembamba vya plaiwudi ya milimita 4 hadi 6, vyenye kimo cha jalada zima, kila baada ya sentimita 10 hadi 15, vinavyoteleza ndani ya mifereji iliyochongwa juu na chini ili viweze kuhamishwa mkusanyo unapokua. Kinyume chake nacho ni kibaya: ukilazimika kuvuta jalada kwa nguvu ili litoke, rafu imejazwa kupita kiasi, na utaona duara la santuri limejichora juu ya picha ya jalada. Acha nafasi ya vidole viwili katika kila sehemu.

Joto lina njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni dirisha la magharibi, na inatosha kusimama chumbani saa kumi jioni kuona kama jua linafika kwenye kabati. Ya pili ni kipaza sauti, yaani amplifaya, kilichowekwa ndani ya kabati hilohilo, chini ya rafu ya santuri. Plastiki ya santuri huanza kulainika ikikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na juu ya kipaza sauti kilichofungiwa joto hilo halihitaji miujiza. Mashine zipewe chumba chao pembeni, kisicho na mgongo.

Harufu ya kuvu na madoa meupe

Hili ndilo tatizo kubwa la pwani, na ndilo linalotibiwa kimakosa kuliko mengine yote. Futa sehemu ndogo ya santuri ya plastiki kwa kitambaa laini chenye maji safi kidogo. Vumbi litaondoka. Kuvu itapakaa, itanuka, kisha itaondoka kwa kurudia. Lakini kama kuna utando mweupe usiosogea hata kidogo, mara nyingi wenye umbo la mikunjo ya mfuko, hiyo siyo kuvu: mfuko wa nje uliotengenezwa kwa plastiki laini ya PVC umeachia kemikali zake juu ya santuri. Kabati halina hatia. Badilisha mifuko yote kwa ile ya polithini au polipropilini.

Ikithibitika ni kuvu, nunua vipimo viwili vidogo vya unyevu wa hewa, kimoja kiwe ndani ya kabati na kingine chumbani, na uandike masomo yake asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Kuvu hustawi unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda, na pwani wakati wa masika chumba kilichofunguliwa madirisha hupita hapo bila shida. Ndani na nje zikilingana, mgonjwa ni chumba, na hakuna kabati litakalokuokoa bila mashine ya kukausha hewa au kiyoyozi kinachofanya kazi mara kwa mara. Ndani ikizidi nje, maji yanatoka karibu: ama ukutani, ama kwenye mbao ambazo hazikukaushwa kabla ya kutumiwa. Bandika kipande cha nailoni ukutani nyuma ya kabati, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Umande ukionekana upande wa ukuta, ukuta ndio unaotoa maji, pengine kwa sababu nyuma yake kuna bafu au maji yanapanda kutoka msingini.

Marekebisho ya kabati ni haya: liachiwe sentimita 5 hadi 7 kutoka ukutani, liinuliwe sentimita 10 kutoka sakafuni, na mgongo utobolewe mstari wa matundu chini na mwingine juu ili hewa ipande, matundu yakizibwa kwa wavu wa kuzuia mende. Milango ya kioo inayofunga kabisa hupendeza, nami naelewa kwa nini watu wanaitaka, lakini katika nyumba isiyo na kiyoyozi hufungia unyevu pamoja na santuri. Chembe za silika husaidia tu kwenye kabati linalofunga vizuri, na zinapaswa kukaushwa ovenini kila zinaposhiba; kwenye kabati lenye matundu ni kupoteza fedha.

Santuri zilizoshika kuvu zitolewe nje kivulini, zikauke kwanza, na anayezisafisha avae barakoa. Zile za 78 zisiguswe na spiriti hata tone moja, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu, na spiriti huiyeyusha shelaki.

Milango haifungi, droo zinakwama

Tatizo likija na masika na kuondoka na kiangazi, mbao zinavimba. Mbao iliyoko kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi 60, maji hayo hushuka hadi karibu 11, na tofauti hiyo yote hujitokeza kwenye upana wa ubao, siyo urefu. Usipige randa mlango katikati ya masika, kwani kiangazi utabaki na pengo. Subiri ukauke, angalia kama vanishi imepakwa pande zote pamoja na ncha na upande wa ndani, kisha ndipo upunguze hadi uwe na nafasi ya milimita 3. Mlango unaokwama mwaka mzima ni suala jingine: bawaba zimelegea kwa uzito wa kioo, au kabati limepoteza mraba wake kama ilivyoelezwa juu.

Droo za santuri za 45 hufa kwa reli. Droo yenye safu tatu za nusu mita kila moja hubeba zaidi ya kilo 30, na reli nyembamba zenye vigurudumu vya plastiki hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ulizia reli za gololi zinazotoka hadi mwisho, zilizoandikwa uwezo wa kilo 45 au zaidi, na kitako cha droo kiwe plaiwudi ya milimita 9 iliyoingizwa kwenye mfereji. Kikipigiliwa kwa chini kitang'oka. Nazitetea droo hizi kwa moyo wote. Santuri za 45 zikiwekwa kwenye rafu ya LP yenye kina cha sentimita 34, mtu hupanga safu mbili, ya nyuma husahaulika, na ndizo hizo santuri ambazo nyingi hazikuwahi kutolewa tena kwa namna yoyote.

Unga chini ya kabati

Unga laini kama wa muhogo, pamoja na vitundu vidogo vya mviringo, ni kazi ya bungua, ambao hupenda sehemu nyeupe ya mbao iliyokuwa karibu na gamba la mti. Njia za udongo zinazopanda kutoka sakafuni ni za mchwa, na hao hula majalada pamoja na mbao. Kwa vyovyote vile kabati lote lipakuliwe kabla ya dawa, na santuri zisirudi hadi harufu ya dawa iishe kabisa, kwa sababu vimumunyisho vyake hudhuru plastiki. Vidonge vya naftalini visiwekwe ndani hata kidogo: mvuke wake hushambulia plastiki ya polistirini, ambayo ndiyo ya makasha mengi ya CD.

Kanda zinalia au sauti imefifia

Spika zina sumaku inayoweza kufifisha kanda, kwa hiyo zikae angalau nusu mita kutoka kwenye kaseti, na kaseti zisimame wima ndani ya makasha yake. Mkanda unaolia na kuacha uchafu wa kahawia kwenye kichwa cha redio kaseti huenda umefyonza unyevu kwenye gundi inayoshika chembe za sumaku. Usiendelee kuucheza, mpelekee mtaalamu wa kuhamisha sauti kabla haujabanduka.

Nafasi imekwisha

Kabati lililojaa siku lilipofika lilichorwa kwa ajili ya jana. Kwenye mchoro mpya acha theluthi moja ya rafu za LP na droo za 45 bila kitu, na kwa kaseti acha pungufu ya hapo ikiwa hununui tena. Mpe fundi vipimo vya uwazi wa ndani, ukiviandika hivyo kwa maneno kwenye mchoro, kwa kuwa fundi asiyeambiwa atavichukulia kuwa vya nje, na milimita 36 za mbao mbili za pembeni zitakatwa kutoka kwenye nafasi ya santuri zako. Kabla hajakata mbao zote, mwombe aunganishe chumba kimoja tu, kisha uingize ndani yake LP halisi zenye mifuko yake, pamoja na kigawanyo, na uone kama mkono unapita.